Malisebo na Gari Asilolitaja

Kijijini kwetu Ha Tlelase, huku juu milimani Lesotho, kuna mwanamke mmoja tu anayelipwa mshahara kwa kuendesha gari, na mwanamke huyo halitaji gari kwa jina lake. Kwetu gari ni koloi. Malisebo husema chombo. Chombo kimeishiwa mafuta, chombo kinadai plagi, nani ameegemea chombo changu kwa mikono yenye matope. Vijana wa ghala la sufu, wanaompakilia magunia ya manyoya ya kondoo kwenye pikapu, walimtania miaka nenda miaka rudi, wakimwita mme, yaani mama. "Mme Malisebo, leo unaendesha sufuria au bakuli?" Yeye huwasha injini akaondoka. Siku hizi hata wao wanasema chombo.

Sababu yake kila mtu huku anaijua. Baba mkwe wake alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, theluji imefunga njia, mama yake anakimbizwa hospitali ya bondeni na hospitali haikufikiwa. Wakati huo neno koloi lilikuwa la mkokoteni kama lilivyo sasa la gari, basi mtoto akaitwa Koloi. Na kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Ukiolewa kwa mzee anayeitwa Pula, utatafuta njia ya kusema mvua bila kuisema. Ni heshima, na heshima hiyo ina meno. Watu wa mjini wanacheka wakisikia. Wacheke, hawakuwepo mwaka ule.

Mwaka ule Malisebo alikuwa bibi harusi wa miezi michache, tumbo limeanza kuonekana. Mumewe, Khauta, alikuwa ameinama nyuma ya lori dukani akiokota shoka lililoanguka, na dereva akaanza kurudi nyuma bila kutazama. Malisebo akaona, akafungua mdomo, na kilichotoka ni neno lile lile. "Koloi!" Khauta akaruka, akapona. Dereva akashuka akamwomba radhi, watu wakamshukuru Mungu, ila mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa duka, alimtazama Malisebo kisha akatazama tumbo lake. Mwezi haukuisha, mimba ikatoka.

Mama mkwe alimpikia uji, akamkandia mgongo, akaketi naye. Hakumlaumu hata siku moja, na kule kutolaumiwa ndiko kulikomkaa Malisebo rohoni. Baadaye alimpata binti, Lisebo, akamlea. Baadaye Khauta akaenda migodini Welkom, upande wa Afrika Kusini, kama baba yake alivyokwenda, na mwamba ukamwangukia huko chini. Mama mkwe naye akafa. Lisebo akaenda kushona suruali kiwandani Maputsoe. Nyumba ikabaki na watu wawili, Malisebo na mzee mwenye kifua kilichojaa vumbi la dhahabu ya watu wengine. Miaka yote hiyo Malisebo aliuchunga ulimi wake kama mtu anavyochunga moto katika nyumba ya nyasi.

Sasa, mzee huyu alikuwa na gari lake mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuliona. Tulilisikia tu. Valianti ya miaka ya sitini, rangi ya maziwa, paa jekundu, gia kwenye shingo ya usukani, kiti cha mbele kirefu kama benchi. Alilinunua alipokuwa bado na mapafu. Mgodi ulipowafukuza kazi wote siku moja, gari lilikuwa bovu, naye alirudi na basi akiwa na godoro na redio. Gari alimwachia rafiki yake, Mbulelo, Mxhosa waliyelala naye chumba kimoja kambini. Mbulelo alilifunika turubai kwenye banda lake Welkom. Kila Krismasi walipigiana simu, na neno la kwanza la mzee lilikuwa, "Bado halijaota kutu?"

Mbulelo akafa. Binti yake, Nozuko, akapiga simu. Nyumba inauzwa, banda linavunjwa, njooni mchukue gari la mzee au litakwenda kwa wakata vyuma. Mumewe Nozuko ni fundi, alikuwa ametia betri, amesafisha kabureta, amevalisha matairi. Linatembea.

Mzee aliposikia akamwita Malisebo karibu na kitanda. Wakati huo hakuweza tena kufika zizini bila kupumzika mara mbili.

"Mwanangu, niletee. Siendi nalo popote. Nataka nikae ndani, nishike usukani, basi."

"Ntate," akasema Malisebo, maana ndivyo tunavyomwita baba, "hiyo safari ni ndefu. Na mpaka..."

"Mpaka nimeuvuka tangu ndevu hazijaota. Ila msikilize mtu mzima. Nikifa kabla halijafika, lirudisheni huko huko. Litakuwa chuma tu, sitaki mhangaike na chuma."

Malisebo akaitikia, lakini kuvuka mpaka kulimtisha tangu saa ile. Kila mtu huku anajua magari yanavyoibwa ng'ambo na kuvushwa Mohokare, mto wa mpakani, kwa vijia vya siri. Kwa hiyo anayepita langoni mchana kweupe, na gari lililoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, hutazamwa mara mbili. Chifu akamwandikia barua na kuipiga mhuri. Mzee akatia sahihi. Jirani yetu, Mme Mathakane, akakubali kulala kwa mzee na kumpikia. Na Malisebo akapanda basi.

Huko Welkom mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Nozuko alikuwa amekwisha kufuatilia polisi, akapata karatasi kwamba gari si la wizi. Malisebo aliliona likiwa limeoshwa, limesimama uani, na machozi yakamlengalenga maana lilikuwa kama mzee alivyolisimulia, hata lile benchi. Aliwasha, likakohoa, likanguruma. Akaikamata barabara ya Ficksburg, mji wa mpakani, kwa mwendo wa gari la maharusi, jasho limemlowesha mgongo ingawa ilikuwa baridi. Kila gari la polisi lililompita, aliona limekuja kwa ajili yake.

Upande wa Afrika Kusini walimkalisha pembeni. Polisi kijana akafungua boneti, akaingiza kichwa, akatoa kichwa.

"Namba ya chesisi haisomeki, mama."

"Ipo, baba. Welkom waliisoma."

"Welkom siyo hapa." Akatwaa bisibisi, akakwangua grisi. "Ya mwisho hii naona tatu. Karatasi inasema nane."

Malisebo akaegemea gari. Alishaona pingu, akaona picha yake gazetini na kilemba kimekaa upande, akamwona Lisebo akiitwa ofisini kiwandani. Kijana akaomba petroli kidogo kwenye kitambaa, akasugua, akapuliza. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Nane. Nenda."

Akavuka daraja akidhani mabaya yamepita. Chini ya daraja mto ulikuwa mwembamba, wanawake wanafua. Alikuwa amerudi nchini kwake, kwa watu wanaosema lugha yake, na akajiambia sasa ninaweza kupumua. Hakujua kwamba ni lugha hiyo hiyo itakayomkamata.

Dirishani alikuwepo polisi wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole, jina lake limeandikwa kifuani, Lepheane. Nyuma ya Malisebo foleni ilikuwa ndefu, watu wa mablanketi, watu wa mabegi, wenye haraka.

"Umeleta nini, mme?"

"Chombo, ntate."

"Chombo gani? Cha kupikia?"

Foleni ikacheka.

"Cha magurudumu. Kile pale, chenye paa jekundu."

Lepheane akainua miwani, akatazama nje. "Ile koloi?"

"Ndicho."

"Nzuri. Ya nani?"

"Ya babu yake Lisebo."

"Lisebo ni nani?"

"Mwanangu."

"Na babu yake Lisebo anaitwa nani?"

"Jina lipo hapo kwenye karatasi, ntate."

"Karatasi naiona. Nakuuliza wewe."

Malisebo akatazama viatu vyake. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mama, sema tupite, wengine tuna mabasi. Au uliliokota njiani?" Wenzake wakaguna kwa kicheko. Bibi mmoja mwenye blanketi la kijani akamgeukia. "We mtoto, funga domo. Huoni ni mkamwana wa watu? Kwenu hamna wake?" Kijana akanywea, lakini lilikuwa limeshasemwa, na watu wakaanza kulitazama lile gari upya, na kumtazama Malisebo upya.

Lepheane akasoma karatasi. Akasoma tena. Midomo ikamcheza kwa kicheko alichokizuia. "Koloi ya Koloi," akasema taratibu. Kisha akasimama, akafungua mlango wa pembeni. "Ingia huku, mme."

Chumba kilikuwa kidogo, meza, viti viwili na feni iliyokuwa ikizunguka bure kwenye baridi ile. Akafunga mlango.

"Baba yangu mimi anaitwa Metsi," akasema. "Maji. Unajua nyumbani kwangu maji yanaitwaje? Yanaitwa 'yale ya kisimani'. Bomba likipasuka mke wangu ananipigia simu kazini, 'Baba fulani, yale ya kisimani yamefika sebuleni.' Kwa hiyo nakuelewa, mme, usidhani sikuelewi."

Malisebo akaanza kupumua. Akapumua mapema.

"Lakini gari si lako. Anayeleta gari lisilo lake anakula kiapo mbele yangu, kwa mdomo wake, mkono juu. Lazima uitaje mali na umtaje mwenye mali. Nitakwambia maneno, utayarudia. 'Mimi Malisebo Ramoeketsi naapa kwamba koloi hii ni ya Koloi Ramoeketsi, na ninaileta kwa ridhaa yake.' Basi. Ni sentensi moja."

Sentensi moja, na mzee yumo ndani mara mbili.

"Ntate, nitaandika. Nipe kalamu."

"Kuandika si kuapa."

"Barua ya chifu ipo."

"Chifu hayuko hapa. Uliyepo ni wewe."

Malisebo akanyanyua mkono wa kulia. Akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto. "Mimi Malisebo Ramoeketsi naapa kwamba chombo hiki ni cha... ni cha babu yake Lisebo..."

Lepheane akatikisa kichwa. "Hicho hakina kichwa wala miguu. Akitokea mtu kesho akasema gari ni lake, hakimu ataniuliza nilimwapisha nani juu ya mali ya nani. Nimwambie chombo cha babu? Na nikwambie ukweli, siku hizi hata wezi wanaume wananiambia hapa kwamba wanawaogopa wakwe zao."

"Na nikishindwa?"

"Gari linabaki uwanjani kwetu mpaka Maseru wajibu. Si la wizi, sisemi hivyo. Lakini Maseru wanajibu wanapotaka. Pengine mwezi, pengine zaidi."

Malisebo akaomba apige simu. Akampigia Mme Mathakane, akaweka sauti ya juu ili Lepheane asikie, akitumaini mzee mwenyewe ataongea, aseme jina lake mwenyewe, mambo yaishe.

"Umefika wapi?" Mme Mathakane akauliza kabla ya salamu. "Njoo upesi, mama. Hajala tangu jana. Ametulazimisha tumtoe kitandani tumweke mlangoni aione barabara. Kifua kinalia, unasikia?"

Wakasikia. Simu ilikuwa imesogezwa karibu na mzee, na kilichokuja ni mluzi na mkwaruzo, mluzi na mkwaruzo. Lepheane akainama kwenye simu. "Ntate, shikamoo. Mimi ni polisi wa mpakani. Unaitwa nani?" Mzee akajaribu. Neno likaanza kutoka, likageuka kikohozi, kikohozi kikachukua pumzi yote, na Mme Mathakane akasema, "Mwacheni, mwacheni jamani," simu ikakatika.

Lepheane akavua miwani akaifuta. Sheria ilibaki mezani pale pale ilipokuwa.

Malisebo akaomba atoke kidogo. Akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, akashika usukani kwa mikono miwili. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikuwa mtu mzima, amezika mume, amezika mama mkwe, ameendesha pikapu kwenye barafu ya njia ya mlimani ya Mafika-Lisiu bila minyororo ya matairi, na sasa neno moja lilikuwa linamtoa jasho. Akiacha gari hapa, mzee atakufa akiitazama barabara tupu. Akilitamka jina, mzee atakufa kwa ulimi wake, kama yule mtoto. Hakukuwa na njia ya tatu. Akamkasirikia mzee kwa kuitwa hivyo. Akawakasirikia waliompakia mama yake mkokotenini siku ya theluji, hawakuona siku nyingine. Akamkasirikia hata dereva wa lile lori la zamani, ambaye labda alishakufa. Hasira ilipoisha, hofu ilikuwa bado imekaa pale pale.

Bibi wa blanketi la kijani alikuwa ameshapita dirishani. Akagonga kioo.

"Wamekubana utaje?"

Malisebo akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilimtaja wa kwangu mbele ya daktari, alipokuwa amezimia. Taja, utoke nje, uteme mate chini. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu."

"Na alipona?"

Bibi akatengeneza blanketi lake mabegani. "Wewe teme tu, mwanangu," akasema, akaondoka zake.

Malisebo akarudi chumbani. Akainua mkono, safari hii hakuushika kiwiko. Akafumba macho. Alisema haraka, kama mtu anayeruka mfereji, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, maana ilikuwa kubwa.

"Mimi Malisebo Ramoeketsi naapa kwamba koloi hii ni ya Koloi Ramoeketsi, na ninaileta kwa ridhaa yake."

Akafumbua macho. Feni ilikuwa inazunguka. Lepheane akagonga mhuri, akasukuma karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda, mme. Nenda umfikie." Malisebo akatoka nje, akatema mate chini, na mate yenyewe hayakutosha, mdomo ulikuwa umekauka.

Akapiga simu kijijini. Haikupokewa. Akapiga tena alipofika Hlotse, akapiga alipofika Pitseng, haikupokewa. Baada ya hapo ni milima, mtandao hakuna. Akajiambia betri ya Mme Mathakane imekwisha, maana simu yake ile ni ya kuokoteza. Akajiambia mara nyingi, na kila mara alijiamini kidogo kuliko mwanzo.

Gari la zamani halipandi mlima kwa kulazimishwa. Kwenye kona za Mafika-Lisiu sindano ya joto ikaanza kupanda, naye akasimama, akafungua boneti, akangoja mvuke upungue, akamimina maji kwa dumu. Kusimama kulimuumiza. Kila dakika aliyongoja aliona inakatwa kwenye pumzi za mzee. Akakutana na wanaume wamepanda farasi, wamejifunika mablanketi mpaka puani, wanatoka upande wa kwetu. Aliwasalimia, wakaitikia bila kusimama. Watu wa kwetu hawampiti Malisebo bila kusimama. Akawatazama kwenye kioo mpaka wakapotea, na moyo ukaanza kumwambia maneno ambayo hakutaka kuyasikia.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipoikata kona ya mwisho na kuiona Ha Tlelase. Akaiona nyumba yao. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake wamekaa chini na miguu wameinyoosha, mablanketi yamewafunika mabega, wanaume wamesimama kando ya zizi, kofia mikononi. Alijua watu wetu hukaa hivyo kwenye msiba.

Akazima injini palepale njiani. Mikono ikabaki kwenye usukani. Nimemuua, akasema, na alisema kwa sauti, hakuna aliyesikia. Nimelala naye nyumba moja miaka yote, nimempikia, nimemwogesha miguu, kisha nimekwenda kumwulia mpakani mbele ya polisi. Hakulia. Alikuwa anaogopa kushuka, anaogopa macho ya wale wanawake, maana alikuwa amewahi kutazamwa hivyo mara moja na alijua uzito wake.

Ndipo akasikia kikohozi. Ni kile kikohozi cha kukwaruza kilichomnyima usingizi miaka mingi, ambacho zaidi ya mara moja alikilaani chini ya blanketi. Kilitoka mlangoni mwa nyumba, kikakata, kikaendelea. Kisha sauti ya Mme Mathakane ikapaa juu ya watu wote, "Mbona umelizima huko? Lete, simu imekufa, na tumekaa hapa tangu mchana tunakungoja wewe na hilo gari lako."

Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa kando ya zizi. Nawaambia, Malisebo aliposhuka tulidhani anaumwa. Uso ulikuwa wa jivu. Tulikuwa tumejipanga kulishangilia gari na hakuna aliyeshangilia. Tulimbeba mzee na kiti chake, tukamfungulia mlango wa dereva, tukamketisha kwenye lile benchi, blanketi limemzunguka. Alipitisha kiganja juu ya usukani, taratibu, akarudia. Akavuta gia chini, akaipandisha. Kisha akatuambia tuondoke, akambakiza Malisebo peke yake, naye akaingia akaketi upande wa pili. Haya mengine alinisimulia mwenyewe, baadaye sana, nami nayasema kama alivyoyasema.

Mzee akauliza huku akitazama mbele, "Walikusumbua?"

Malisebo alikuwa amepanga kunyamaza. Lakini ulimi uliokwisha kufunguka haukukubali kufungwa. "Ntate, nimekutaja."

"Umenitaja wapi?"

"Mpakani. Kwa kiapo. Polisi alikataa nisipokutaja." Machozi sasa yakaja. "Nimekutaja mara mbili, maana na chenyewe hiki ilibidi nikitaje."

Mzee akamgeukia. Mabega yakaanza kutikisika, na Malisebo akashtuka akitaka kuita watu, mpaka alipoona kwamba ni kicheko. Alicheka, akakohoa, akacheka ndani ya kikohozi, akajifuta macho kwa pembe ya blanketi. Ilimchukua muda kurudisha pumzi.

"Kule mgodini tulikuwa na namba," akasema. "Hapa mimi ni ntate, ni babu yake Lisebo. Aliyekuwa akiniita jina langu ni Mbulelo peke yake, kwa simu, kila Krismasi. Tangu afe hakuna. Mwanangu, ninakwenda, na wewe unajua ninakwenda. Nilidhani nitakwenda bila kuitwa tena." Akapumzika. "Niite."

"Siwezi, ntate."

"Ulimwapia polisi usiyemjua, mimi mwenyewe nisisikie?"

Malisebo akatazama nje. Watu walikuwa mbali, wamegeuza migongo kwa adabu. Akahisi lile neno likija, na hofu ikija nalo, ile ile ya dukani, ile ile ya chumba chenye feni. Haikuwa imepungua hata kidogo. Akalitamka hivyo hivyo, pamoja na hofu yake, kwa sauti ndogo.

"Koloi."

Mzee alinyoosha mgongo kwenye kiti. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Nipo," akaitikia.

Malisebo akaushika mkono wake juu ya usukani, akatega sikio kifuani mwake. Pumzi ikatoka kwa mluzi, ikakaa, ikarudi. Akangoja nyingine.